Vigelegele vya Ilalwe

Paskalia mke wa Mihayo hakuwa na cheo chochote Ilalwe isipokuwa koo lake. Lakini koo hilo lilikuwa na heshima kuliko vyeo vya wanaume wengi waliozunguka kijijini na kalamu zisizo na wino mifukoni. Mtoto akizaliwa, bibi harusi akiletwa, padre akifika kutoka misheni ya Ushirombo na pikipiki iliyojaa matope, wanawake wote walimtazama Paskalia kwanza. Yeye ndiye aliyefungua kigelegele. Akikifungua, wote humfuata. Asipokifungua, hakuna mwanamke aliyethubutu kumtangulia, hata kama ulimi unamwasha. Wasumbwa wa pale ndivyo walivyozoea, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao waliushika mtindo huo baada ya kuucheka miaka miwili mitatu, maana Msukuma hucheka kwanza, halafu anafanya.

Tena hayo hayakuwa mapambo. Kijiji kile, kilicho njiani kati ya Ushirombo na Runzewe, kiliamua mambo yake kwa vigelegele. Wazee walisuluhisha kesi za mipaka ya mashamba, za mahari, za ng'ombe walioingia kwenye pamba ya mtu, na walipomaliza walingoja sauti za akina mama. Zikilia, jambo limekwisha. Mtu akija baadaye na kinyongo chake aliulizwa swali moja tu: "Siku ile hukusikia vigelegele?" Naye alirudi nyumbani.

Sasa Donatus. Donatus alizaliwa mwaka 1953, na mama yake akafariki siku ileile kabla jua halijazama. Paskalia alikuwa bado msichana mbichi, na binti yake wa kwanza, Bernadina, alikuwa ananyonya. Akamchukua na yule yatima. Akawaweka mmoja kulia, mmoja kushoto, na siku ya ubatizo yeye ndiye aliyemshika Donatus mbele ya padre na kuahidi kwamba atamlea katika imani. Mtoto akakua akimwita mama. Onesmo, mtoto wa kiume wa Paskalia aliyezaliwa miaka mitano baadaye, akakua akimwita Donatus kaka.

Donatus alikuwa na kichwa. Mapadre wakaliona hilo wakamsomesha, wakampeleka sekondari ya Kanisa, na shule hizo zilipochukuliwa na Serikali alikuwa amekwisha kula chumvi yao ya kutosha. Akafaulu, akaenda Chuo Kikuu pale Mlimani, akarudi na shahada na miwani. Ilalwe haikuwa imewahi kuona shahada. Siku ile Paskalia alipiga vigelegele mpaka kesho yake alishindwa kuitikia salamu. Wako watu wanaosema kijana alianza kuharibika siku ya miwani. Wasiisingizie miwani. Mtu huharibika kwa hiari yake.

Onesmo naye alisoma. Mwaka 1977 akamaliza kidato cha nne na akafaulu, ila waliofaulu walikuwa wengi na nafasi zilikuwa chache mno. Alitaka kuwa mwalimu. Akangoja jina lake msimu mmoja, akangoja wa pili, halafu akafunga nguo zake kwenye mfuko wa sandarusi akaenda Nyarugusu kuchimba dhahabu. Alikuwa akirudi Krismasi na vumbi la mawe ndani ya masikio, anakohoa, anaongea lugha ya huko, mara duara, mara moko, mpaka Paskalia alipoambiwa kwamba duara ni shimo lenyewe na moko ni tindo la kuvunjia mwamba. Duara moja liliporomoka mwezi ambao Onesmo alikuwa amelala na homa. Wenzake aliokuwa akilala nao chumba kimoja hawakutoka.

"Mtoto amesoma mpaka amelipita jembe," alisema Mihayo, mumewe, mtu wa pamba na maneno machache, "na kalamu hajaifikia."

Neno hilo lilimkaa Paskalia kifuani kama mwiba wa samaki. Akaondoka asubuhi moja kwa miguu mpaka misheni, akamkuta Padre Kalisti anakagua mizinga yake ya nyuki nyuma ya kanisa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele na milele. Mama Onesmo, kuna mgonjwa?"

"Wagonjwa wapo, ila nimekuja kwa jambo lingine. Kanisa linajua kufundisha. Lilinifundisha mimi kusoma, likamfundisha Donatus. Kwa nini lisijenge chuo cha juu hapa, watoto wanaokosa nafasi za Serikali wakasome ualimu, wakasome uganga wa hospitali, wakasome hata hiyo shahada?"

Padre akacheka kidogo, akaona mama hacheki, akaacha. "Haturuhusiwi, mama. Seminari ya mapadre, sawa. Chuo cha juu cha watu wote ni kazi ya Serikali. Ndiyo sera."

"Sera imeandikwa na nani?"

"Na watu."

"Basi watu hao wakaombwe waiandike tena."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, bila semina wala wafadhili. Paskalia akazunguka kwenye jumuiya za vigango vya jirani na hoja yake ile moja. Serikali isinyang'anywe chochote. Ibaki na vyuo vyake. Lakini iruhusu Kanisa lijenge, iweke masharti, ikague, ifunge mlango ikiona uovu. Aliisema jikoni, aliisema kwenye foleni ya sabuni, aliisema kwenye misiba mpaka watu wakaanza kumkwepa. Na kwa kuwa maneno matupu hayasimami, akawaambia wafyatue matofali. Kila kiangazi, pamba ikishauzwa, wanaume walichimba udongo wa kichuguu, wanawake walibeba maji ya lambo kichwani, vijana walifyatua kwa kalibu za mbao, na matanuru yakawaka. Baada ya viangazi vitatu, pembeni mwa kanisa dogo la Ilalwe palikuwa na ukuta mwekundu wa matofali yaliyopangwa, mrefu kuliko nyumba. Onesmo aliacha mashimo ya Nyarugusu akarudi kufyatua, moko wake akautupa uvunguni mwa kitanda. Mama yake alikuwa amemwambia, "Chuo kikiruhusiwa, wewe utakuwa wa kwanza kukaa darasani." Alimwambia hivyo kwa kinywa chake.

Katibu wa kata alikuwa Ndugu Akida, Mwislamu wa Tabora, mkali lakini si mwongo. Alikuja kuyatazama matofali, akayagonga kwa kidole.

"Matofali si kosa," alisema. "Chuo ndicho kosa. Nitawapinga, Mama Onesmo, nakuambia mapema. Mimi nilipokuwa mdogo, shule ya karibu ilikuwa ya misheni, na baba yangu aliambiwa mtoto abadilishe jina ndipo apate dawati. Hatutaki kurudi kule."

Paskalia akalipeleka neno hilo kwa rafiki yake Mwanaidi, mke wa Salehe mwenye duka, ambaye tangu kiangazi cha kwanza alikuwa akibeba maji ya matofali pamoja nao, ndoo yake na kanga yake kiunoni.

"Akida kasema kweli," Mwanaidi alijibu. "Yalimpata na kaka yangu. Sasa shoga, nikuulize, hicho chuo chenu wanangu wataingia?"

"Wataingia na majina yao."

"Na sisi tukitaka kujenga chetu?"

"Serikali iwaruhusu na ninyi. Nitawabebea maji."

Mwanaidi akaipandisha ndoo kichwani. "Haya. Maneno hayo hayo mkayaseme kwa wakubwa, msije mkayameza."

Nafasi ya kuwaambia wakubwa ikaja mwaka 1982. Akida alitangaza kwamba wajumbe kutoka Dar es Salaam wanazunguka nchi kukusanya maoni ya wananchi juu ya elimu, na kwamba katika tarafa ile watakaa Ilalwe, nusu siku. Kila kundi litoe msemaji mmoja. Paskalia hakulala kwa furaha. Mungu ameleta sikio la Serikali mpaka mlangoni, alisema, sasa tutafute kinywa.

Kinywa kilikuwapo. Donatus alikuwa anafundisha sekondari wilayani. Nani mwingine angewajibu wasomi kwa lugha ya kisomi? Wanawake wengi wa Ilalwe Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni. Nyumbani walisema Kisumbwa au Kisukuma. Donatus akaitwa, akaja na basi, akachinjiwa jogoo. Akakaa kwenye kigoda cha Mihayo, akasikiliza hoja yote, ya Kanisa na ya Mwanaidi, ya masharti na ukaguzi.

"Nimeelewa, mama," alisema. "Mniachie mimi."

"Utasema na habari ya Onesmo? Kwamba wamefaulu na wako mashimoni?"

"Nitasema."

Onesmo alikuwa pale, mikono ina udongo mpaka viwikoni. Alimletea kaka yake maji ya kunawa.

Palikuwa na tatizo moja dogo, na dawa yake ndiyo iliyowaua. Miezi michache nyuma ulifanyika mkutano wa bei ya pamba, na mkulima mmoja aliyekuwa anasema vizuri sana alivuta pumzi kidogo katikati ya maneno yake. Mwenyekiti akaidaka ile pumzi: "Asante, ndugu, tumekuelewa, kaa." Mzee wa watu akakaa na nusu ya hoja tumboni. Wanawake hawakulisahau hilo. Donatus naye, wakubwa wakimwona anasema jambo zito, si watamkatiza vivyo hivyo? Ndipo Paskalia akatoa shauri, na kila mtu akalisifu. Donatus akinyamaza tu kuvuta pumzi, yeye atafungua kigelegele, na wote watafuata, ili pasiwe na upenyo wa mwenyekiti kuingiza mdomo. Wataziba kila pumzi yake kwa vigelegele mpaka amalize.

Donatus alipoambiwa shauri hilo aliivua miwani. Akaifuta. "Ni wazo zuri, mama," alisema.

Siku ilipofika, Mwanaidi alitoa sukari ya dukani aliyokuwa ameificha kwa ajili ya Idi, na wakati ule sukari ilikuwa haionekani, wageni wakanywa chai ya kweli. Turubai likafungwa. Kipaza sauti kikaunganishwa na betri ya Land Rover, kikawa kinakoroma. Wanawake wakakaa chini mbele kabisa, Paskalia katikati yao, Mwanaidi ubavuni mwake. Nyuma ya jukwaa ukuta mwekundu wa matofali ulionekana wote, na hilo pia lilipangwa makusudi.

Donatus akaitwa. Paskalia alimtazama mdomo, hakumtazama mahali pengine popote. Alikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa pumzi. Manju wa ngoma hasikilizi maneno ya wimbo anapongoja zamu ya waitikiaji. Anasikiliza mwanya. Donatus akasema maneno marefu ya heshima, akavuta pumzi, Paskalia akafungua. Sauti za wanawake hamsini zikapanda, wajumbe wakatabasamu. Akasema tena, akavuta tena, wakapiga tena. Mwenyekiti wa wajumbe alijaribu kuinua mkono, vigelegele vikaushusha. Paskalia alijisikia mwepesi. Shauri lilikuwa linafanya kazi, na machozi ya furaha yalikuwa yameanza kumlenga.

Mara ya tatu, alipokuwa anaurudisha ulimi mahali pake, alihisi vidole vya Mwanaidi vimemshika mkono, vimeminya mpaka mfupa.

"Paskalia. Unasikia anachokisema?"

Ndipo aliposikiliza. Sauti ya mtoto aliyemnyonyesha ilikuwa inatoka kwenye kile kipaza sauti, safi, haina kigugumizi: "…kwa hiyo, ndugu wajumbe, wananchi wa Ilalwe wanaamini kwamba elimu ya juu ibaki mikononi mwa Serikali peke yake. Hawaoni haja ya vyuo vya dini, vitakavyotugawa. Na kama mlivyosikia wenyewe, akina mama wanaafiki kwa furaha. Matofali yale mnayoyaona nyuma yangu wanayatoa kwa moyo mmoja yajenge ofisi ya kata."

Akavuta pumzi.

Paskalia hakufungua. Lakini kule nyuma, wanawake waliokwisha kuzoea mwendo, ambao koo zao zilikuwa zimepata moto, walipiga wenyewe. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Ilalwe kigelegele kutangulia bila yeye, nacho kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Akasimama. "Mwenyekiti, naomba nafasi, siyo hivyo, sisi tulimtuma…"

"Mama, kaa, mama yangu," alisema mwenyekiti, mtu mpole wa mbali asiyejua lolote. "Tumewasikia vizuri sana. Vigelegele vyenu tutavifikisha Dar es Salaam."

Watu wakacheka, kwa wema. Kicheko kile ndicho kilichomkalisha. Angalizomewa angalipata nguvu ya kupiga kelele. Akatazama jukwaani, akamwona Akida ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake kama mtu aliyefiwa.

Alimkuta Donatus nyuma ya Land Rover, anakunja karatasi zake.

"Ulisema au hukusema?"

"Mama, hukuelewa. Wakati wake bado. Ningesema yale, wangetuona wapinzani, na…"

"Nimekuuliza, ulisema ulichotumwa au hukusema?"

Donatus akatazama pembeni. "Mlipiga vigelegele, mama. Ninyi wenyewe. Ningewakatiza vipi?"

Paskalia alitaka kumpiga kofi, na mkono uliinuka nusu. Halafu ukashuka. Alikuwa amewazaba watoto wake wote kwa makosa madogo madogo, ya maji kumwagika, ya mbuzi kupotea. Kwa hili hakujua mkono unaanzia wapi. Kusalitiwa na adui si kusalitiwa, ni vita tu. Huyu alikuwa amelichukua koo lake, kitu pekee alichokuwa nacho, akamchinja nalo.

Kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba lawama haikuwa na njia ya kutokea. Nani angeamini? Kijiji kizima kilisikia vigelegele, na jambo lililopigiwa vigelegele halirudi nyuma. Wiki iliyofuata wanawake waliokuwa wakimtazama kwanza walimtazama kwa jicho lingine. Wengine walinong'ona kwamba alikuwa amejua, kwamba mama na mwana wamekula njama. Mmoja alimwambia kisimani, mbele za watu, "Tulibeba maji viangazi vitatu kwa ajili ya mwanao apate cheo." Paskalia akajaza ndoo yake, akaondoka.

Akida alikuja nyumbani jioni moja, akakataa kiti.

"Mama Onesmo, mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hoja zangu, nimezipanga. Nilitaka tubishane mbele ya wageni, mshinde au tuwashinde. Sikupewa mtu wa kubishana naye." Akatikisa kichwa. "Na matofali ni amri sasa. Yatachukuliwa. Nimeona nije nikuambie mwenyewe."

Yakachukuliwa. Lori lilikuja asubuhi, likarudi, likaja tena, na kwenda kwake kote huko hakukuzidi mwendo wa kutoka kanisani hadi kiwanja cha kata. Ukuta mwekundu ukapungua mpaka zikabaki nyasi zilizonyauka na nge. Onesmo aliwasaidia kupakia. Mama yake alipomuuliza kwa nini, alisema, "Niliyafyatua mimi, sitaki yavunjwe na watu wasiojua kuyashika." Alipomaliza alinawa, akaingia ndani, akautoa ule moko wake uvunguni mwa kitanda. Ulikuwa na kutu. Akakaa kizingitini akiusugua kwa mchanga, taratibu, na Paskalia alikaa jikoni akisikia ile sauti. Hakumwambia asiende. Alikuwa amekwisha kumwahidi kitu kimoja maishani, na ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa inajenga ofisi ya kata.

"Nilimnyonyesha, Mihayo," alisema usiku ule. "Nilimpa ziwa la Bernadina."

"Maziwa hayadaiwi, mke wangu," Mihayo alijibu, akageukia ukutani, maana naye alikuwa analia.

Jibu la fumbo hilo, kwa nini Donatus alifanya vile, lilikuja baada ya miezi mingi, na lilitoka kwa Padre Kalisti. Paskalia alikuwa ameacha kwenda misheni. Siku hiyo alikwenda kuomba misa ya marehemu wazazi wake. Padre akamkaribisha, akazunguka zunguka, mwisho akasema kwamba ana neno linalomlemea.

"Donatus anakwenda Ulaya kusoma. Shahada ya pili. Aliniomba barua ya utambulisho nami nikaiandika, kwa sababu hawapokei mtu bila barua ya paroko wake."

"Barua ya paroko? Chuo gani hicho?"

Padre akatazama nje, kwenye mizinga yake.

"Chuo gani, Padre?"

"Chuo kikuu cha Kanisa. Kule wanaruhusiwa."

"Uliiandika lini?"

"Kabla ya mkutano. Mwezi wa pili. Aliniomba nisiseme mpaka apate ruhusa kazini. Kumbe kulikuwa na mkubwa wake mmoja aliyekuwa ameikalia ruhusa hiyo, akimwona ni mtu wa Kanisa mno. Baada ya mkutano ikatoka." Padre akajifuta uso. "Sikujua, mama. Nisamehe."

Basi Donatus alipokaa kwenye kigoda akila jogoo, barua ile alikuwa nayo mfukoni. Alipoletewa maji ya kunawa na Onesmo, alikuwa nayo. Kanisa lilimpa nafasi, na ruhusa akainunua kwa kulikana Kanisa mbele ya vigelegele vya mama yake. Paskalia alitembea njia nzima kurudi Ilalwe bila kumsalimia mtu, hata wazee, na waliompita walidhani amepata taarifa ya msiba kutoka Nyarugusu.

Mwaka 1983, mwezi wa nane, ofisi ya kata ilifunguliwa. Ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Matofali yalikuwa yamechomwa na watu wenye nia. Siku hiyohiyo kijiji kilimuaga Donatus, maana viongozi waliona si vibaya kuua ndege wawili kwa jiwe moja. Ng'ombe alichinjwa. Wanawake wakakaa chini mbele, kama siku ile, na Mwanaidi akaja kukaa ubavuni mwa Paskalia.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye furaha asiyependa undani wa mambo, alimsimamisha Donatus mbele ya mlango mpya. Suti ilimkaa vizuri. "Mtoto wetu huyu," mzee alisema, "anakwenda Ulaya kwenye elimu ya juu kabisa! Na mama yake wa ubatizo, aliyemlea, tunaye hapa. Mama Onesmo, tufungulie! Akina mama, vigelegele!"

Wote wakamgeukia Paskalia, hata yule wa kisimani. Mazoea ni kitu kikubwa.

Paskalia akasimama, akaifunga kanga yake vizuri.

"Mara ya mwisho tulipiga kabla ya kusikia," alisema, wala hakupaza sauti. "Leo tutasikia kwanza. Ng'wana wane, mwanangu, chuo unachokwenda kusoma ni cha nani?"

Donatus akatazama miti. "Ni chuo kikuu, mama. Cha Ulaya."

"Cha Serikali?"

Donatus akaivua miwani, akaivaa tena.

"Nimekushika kwenye ubatizo. Nijibu mbele ya matofali haya. Ni cha nani?"

"Cha Kanisa," alisema Donatus, chini chini.

"Wa nyuma hawajasikia."

"Cha Kanisa, mama."

Neno likatembea kwa wanawake kutoka mbele kwenda nyuma, kwa Kiswahili, kisha kwa Kisumbwa, kisha kwa Kisukuma, na kila lilipofika mtu aliinua uso akalitazama lile jengo jekundu. Akida, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo, alivua kofia yake. Paskalia akakaa.

"Haya, akina mama!" mwenyekiti akarudia, akipiga makofi peke yake. "Vigelegele!"

Donatus akabaki amesimama kwenye ngazi, amemtazama mama yake, akiingoja sauti aliyoizoea tangu ubatizo wake. Haikuja.